Juu ya nini Wambuti wanagawanya nyama leo, wala hawaiweki kwa kesho

Walimu wa vijiji vilivyo kando ya barabara, tangu Komanda kufika Mambasa na mbele hata Epulu, wanauliza mara nyingi neno moja. Wanasema: «Wambuti wakiua nyama leo, wanaimaliza leo. Kesho wanalala na njaa. Ukiwapa karanga za kupanda, wanazikaanga na kuzila. Ukiwaambia waweke akiba, wanacheka tu. Je, hawana akili ya kufikiri siku ya kesho?» Na wengine wanajibu upesi: «Ni wavivu.» Ao: «Ni kama watoto.»

Jibu lile ni jepesi, tena si la kweli. Mutu anayetumwa kufundisha watu bila kujua sababu ya desturi zao anafanana na muganga anayetoa dawa mbele ya kumupima mugonjwa. Kwa hiyo tunataka kutafuta pamoja, ndugu wasomaji, mambo matatu: desturi hii ya kugawanya inatoka wapi, inawasaidia nini wenye nayo, na siku hizi inapatwa na taabu gani.

1. Watu tunaowasema

Wakaaji wa zamani wa pori la Ituri si kabila moja tu. Upande wa kaskazini na wa mashariki wako Waefe, wanaokaa jirani na Walese. Wao wanawinda hasa kwa upinde na mishale. Upande wa kati na wa kusini wako Wambuti walio jirani na Wabira. Wao wanawinda kwa nyavu. Wasua walio jirani na Wabudu, nao pia ni watu wa nyavu. Katika makala hii tunawaita wote Wambuti, kama watu wa Bunia wanavyozoea kusema.

Watu wa elimu wamekaa nao tangu muda murefu. Padri Paul Schebesta, wa shirika la Neno la Mungu, alifika Ituri mwaka 1929 na kuandika vitabu vikubwa juu yao. Mwingereza Colin Turnbull alikaa karibu na Epulu katika miaka ya 1950, na kitabu chake kilichojulikana zaidi kilitoka mwaka 1961. Katika miaka ya 1970 walikuja Wajapani, kama vile Reizo Harako, Tadashi Tanno na Mitsuo Ichikawa. Na kuanzia mwaka 1980 Wamarekani walianza kazi ndefu kwa Waefe. Hawa wa nyuma walipima chakula kwa kilo, wakahesabu siku na saa za kazi.

Jambo moja tulishike tangu mwanzo. Wambuti hawaishi mbali na wakulima. Tangu zamani wanapeleka nyama, asali na mikono yao ya kazi kijijini, na kijiji kinawapa ndizi, muhogo, vyuma na chumvi. Kwa Waefe waliopimwa katika miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao ilitoka mashambani. Basi Wambuti wanajua gala ni nini. Wanaliona kila siku, na mara nyingi wao wenyewe wamesaidia kulijaza. Mutu asiseme kwamba hawaweki akiba kwa sababu hawajaona akiba. Lazima tutafute sababu nyingine.

2. Ginsi nyama inavyogawanywa

Wengi wanafikiri kwamba katika kambi ya Wambuti kila mutu anakamata nyama ovyo, na vitu vyote ni vya watu wote. Si hivyo. Nyama ina mwenyewe, na kugawanya kuna sheria.

Siku ya kuwinda kwa nyavu, wanaume wanafunga nyavu zao moja kwa nyingine, zinazunguka kipande cha pori kama upinde mukubwa. Wanawake na watoto wanatoka upande wa pili, wanapiga kelele na kupiga majani, nyama zinakimbilia nyavuni. Kwa kawaida zinazokamatwa ni nyama ndogo za jamii ya swala, zaidi sana mboloko, ambaye uzito wake hapiti kilo 5 hivi. Nyama ni ya mwenye wavu. Kama mutu ameazima wavu wa mwenzake, nyama ni ya yule aliyemwazima, hata kama amebaki kambini na homa. Lakini mwenye nyama hawezi kuishika yote: aliyesaidia kuiua ana fungu lake, na wengine waliosaidia wana yao.

Kwa Waefe ni sheria ya mushale. Aliyepiga wa kwanza ndiye mwenye fungu kubwa. Aliyepiga wa pili ana fungu lake. Na mwenye mbwa aliyefukuza nyama, naye pia ana lake.

Huo ni mugawanyo wa kwanza, wa sheria. Nyuma yake unafuata wa pili, wakati wenye mafungu makubwa wanawakatia wale waliokosa. Kisha unakuja wa tatu, wakati nyama imekwisha kuiva: mwanamuke anapakua na kutuma sahani huku na huku, na wanaume wanakula pamoja. Hivi mboloko mumoja, ambaye asubuhi alikuwa na mwenyewe mumoja, mangaribi anakuwa katika midomo ya kambi nzima.

Mafundisho haya yanaanza mapema sana. Waefe wakizaa mutoto, wanawake wengi wa kambi wanamupokea mikononi mwao, na wengine wanaweza kumunyonyesha pamoja na mama yake. Mutu wa namna hii amegawanyiwa mbele ya kujua kusema.

3. Sababu zinazotoka katika pori lenyewe

Shuleni tunafundisha watoto methali hii: Akiba haiozi. Methali ni nzuri, lakini ilizaliwa kwa watu wa nafaka na wa feza. Ndani ya pori la Ituri akiba inaoza. Joto na maji ya pale vinaharibu nyama kwa siku chache. Inawezekana kuikausha kwa moshi. Wambuti wanajua kazi hiyo, na tutaisema tena. Lakini kukausha kunataka kuni nyingi, kunataka siku, na nyuma ya hayo nyama kavu inataka kuchukuliwa. Kambi ya wawindaji haikai pahali pamoja. Nyuma ya majuma machache inahama, kwa sababu nyama za karibu zimepunguka. Na vitu vyote vya nyumba vinakwenda katika kitunga, mugongoni pa mwanamuke aliye na mutoto pia. Mali inayopita nguvu za mugongo huo si mali, ni muzigo.

Sababu ya pili ni bahati. Mukulima anajua mwezi wa kuvuna. Muwindaji hajui siku ya kupata. Tufanye hesabu ndogo, kwa kufahamisha tu, na tarakimu tuzichague sisi wenyewe. Muwindaji mumoja apate nyama siku 1 katika siku 4. Akikaa peke yake na kula yake peke yake, siku 3 katika 4 hana nyama. Tena katika majuma 100, majuma kama 13 atayapita mazima bila kuonja nyama hata siku moja. Sasa tuweke wawindaji 10 wa namna hiyo katika kambi moja, kila mumoja na bahati yake, na wote wanagawanya. Siku ambazo wote 10 wanarudi mikono mitupu zitakuwa karibu 6 tu katika 100. Nyama yote iliyouawa haikuongezeka hata kilo moja. Lakini njaa imepunguzwa sana. Hii ndiyo kazi ambayo gala linafanya kwa mukulima: kuchukua chakula cha siku ya kushiba na kukipeleka siku ya njaa. Wambuti wanaifanya bila gala. Badala ya kukiweka chakula katika nyumba, wanakiweka kwa watu.

Sababu ya tatu inatazama nyama kubwa. Zamani wawindaji wa mukuki walipoua tembo, hawakujaribu kuileta nyama yote kambini. Kambi ilihamia kwa tembo. Kwa yule aliyemuua, vipande vya kwanza vina samani kubwa. Lakini kisha kushiba, kipande cha mia kinamufaa nini? Kwa jirani mwenye njaa kipande kilekile ni uzima. Anayetaka kumukatalia jirani yake lazima akae macho usiku kucha, agombane na watu ambao kesho atawahitaji washike wavu pamoja naye. Afazali atoe.

4. Sababu zinazotoka kwa watu

Hata hivyo, hesabu ya njaa haimalizi mambo yote. Kama kugawanya kungekuwa mukopo tu, muwindaji muzaifu ambaye miaka yote anapokea zaidi kuliko anavyotoa angekwisha kukatwa. Lakini hakatwi. Mwingereza James Woodburn alitafakari sana jambo hili. Yeye aliishi na Wahadza, wawindaji wanaokaa karibu na ziwa Eyasi katika Tanzania, kuanzia miaka ya 1950. Katika makala ya mwaka 1982 aligawanya watu kwa namna mbili. Kuna watu wanaopata leo faida ya kazi ya leo: wanaenda, wanachuma ao wanaua, wanakula. Na kuna watu wanaofanya kazi leo na kungoja faida muda murefu: wanalima, wanafuga, wanatengeneza mitego mikubwa. Katika kundi la kwanza aliwataja Wahadza, na pia Wambuti wetu.

Woodburn alionyesha kwamba watu wa kundi la kwanza wanagawanya pia kwa sababu ya usawa. Mwenye gala ana kitu ambacho wengine wanakitamani. Anaweza kukopesha, anaweza kukatalia, anaweza kuamuru. Pole pole anakuwa mukubwa, na wengine wanakuwa watu wake. Ambapo nyama inagawanywa siku ileile, hakuna nafasi ya mukubwa wa namna hiyo kuinuka. Kwa Wahadza muwindaji hodari hana ruhusa ya kujisifu, wala hawezi kukataa kugawanya. Na uhodari wenyewe unategemea bahati sana: waliohesabu kazi ya Wahadza katika miaka ya 1980 waliona kwamba muwindaji mumoja anaua nyama kubwa karibu siku 3 tu katika siku 100.

Mwingine, Nicolas Peterson, aliandika mwaka 1993 juu ya watu wa Australia, akasema kwamba mara nyingi mutu hagawanyi kwa kupenda kutoa, bali kwa sababu ameombwa. Anayeomba haoni haya. Haya ni ya anayekataa. Wasomaji wetu waliokaa karibu na kambi za Wambuti wamekwisha kuona jambo hili, hata kwa sigara moja.

Je, mambo haya yanatoka katika damu ya wawindaji wote? Hapana. Tutazame Waogiek wa musitu wa Mau, katika Kenya. Nao pia walikuwa watu wa kuwinda na wa asali. Lakini wanachonga mizinga ya miti, wanaipandisha juu, wanangoja nyuki. Muzinga ni kazi ya leo kwa asali ya baadaye, na asali yenyewe haiozi upesi. Inaweza kuwekwa katika vyombo. Basi kwa Waogiek mizinga ina wenyewe, na vipande vya musitu ni vya ukoo, vinarizishwa kutoka baba kwa mwana. Wambuti hawana mizinga. Wanatafuta nyuki mwitu katika miti mirefu, na sehemu kubwa ya asali inaliwa wakati wa kupatikana kwake. Hata karibu na Bunia mambo ni hivyo: Muhema anaweka mali yake katika ng'ombe, Mulendu katika shamba, kwa sababu ng'ombe na shamba vinaweza kungojewa. Mutu anaweka akiba pahali ambapo akiba inaweza kukaa.

5. Wambuti si malaika

Tusije tukaanguka upande wa pili, tukawafanya Wambuti kuwa watu wasio na choyo. Turnbull aliandika kwamba, wawindaji wakirudi, wanawake waliweza kuficha kipande cha nyama chini ya majani ya nyumba ao ndani ya nyungu, mbele ya wengine kufika.

Aliandika pia habari ya muzee mumoja ambaye, siku ya kuwinda, aliweka wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wengine, ili nyama zimufikie yeye kwanza. Alionekana. Kambini watu walikutana na kumuhukumu. Hakuna aliyempiga, lakini walimucheka, walimuzarau, walimwambia kwamba kama yeye ni mukubwa, aende kuishi peke yake na watu wake. Mutu huyu alijua maana ya maneno yale: watu wachache hawawezi kuwinda kwa nyavu. Akaomba musamaha. Wakaenda nyumbani kwake, wakachukua nyama yote, hata ile iliyokuwa motoni. Lakini usiku uleule mutu mumoja akamupelekea chakula kilichopikwa, na baadaye yule muzee alikuwa pamoja na wengine katika nyimbo zao.

Habari hii inafundisha mambo mawili. La kwanza: kugawanya kunalindwa, hakuji kwenyewe tu. Choyo iko, na haya ndiyo fimbo yake. La pili: hata aliyeiba katika wavu wa wote hakuachwa alale njaa.

6. Taabu ya siku hizi

Tangu miaka ya 1950 wachuruzi walianza kuingia hata katika kambi kutafuta nyama. Waliwapa Wambuti unga wa muhogo, muchele, tumbako na nguo. Hapo ndipo moshi ulipata kazi: nyama ikakaushwa, kwa sababu sasa ilikuwa na pahali pa kwenda. Jambo hili linaonyesha wazi kwamba Wambuti waliweza kuweka nyama kila mara walipoona faida. Lakini nyama inayokwenda sokoni haizunguki tena nyumba kwa nyumba. Kinachorudi ni unga na feza.

Na feza ni kitu kigeni katika sheria za pori. Haina muguu wala kichwa vya kukata mafungu, inajificha katika mufuko, tena haiozi. Zaidi ya hayo pori lenyewe linabanwa. Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992, lakini wachimba zahabu, wapasua mbao na watu wenye silaha wameingia pahali pengi, na makambi mengi yamehamia kando ya barabara. Desturi ya kupata leo na kula leo inategemea pori linalotoa kila siku. Pori likikataa, Mumbuti anabaki na mikono ya kugawanya bila kitu cha kugawanya. Kisha anakuwa mudeni wa mwenye shamba, na deni halikwishi.

Wengine wanajaribu kulima. Mumoja anakata shamba, anapanda, anangoja. Siku ya mavuno ndugu wote wanafika, na hawezi kuwakatalia, maana yeye naye alikula kwao miezi yote ya kungoja. Mavuno yanakwisha pamoja na mbegu. Kijiji kinasema: «Munaona, hawana akili.» Kumbe amefuata sheria mbili pamoja, ya shamba inayosema ngoja, na ya kambi inayosema toa. Hakuna mutu anayeweza kuzishika zote mbili peke yake.

7. Inatufaa kufanya nini?

Kwanza tuache maneno ya kuzarau, sisi na walimu wetu. Neno «mvivu» linamuumiza mutu anayetembea tangu asubuhi hata mangaribi na wavu begani. Sheria ya nchi nayo, iliyotiwa sahihi katika mwezi wa 7 wa mwaka 2022, inalinda haki za watu hawa, utamaduni wao na mashamba ya babu zao.

Pili, anayetaka kusaidia ukulima asichague Mumbuti mumoja na kumufanya mufano kwa wengine. Atamuweka kati ya njaa na haya. Afazali aanze na kambi nzima, ili wote wawe na shamba siku moja, na wanaoomba wawe pia wenye kuombwa.

Tatu, tuanze na mazao yanayojilinda yenyewe. Karanga na mahindi yanataka gala na mbegu za kuficha. Muhogo unakaa udongoni miezi mingi na kung'olewa kwa siku ya haja. Mbegu yake ni muti wake, ambao hakuna anayeukaanga. Ndizi nazo zinazaa pole pole, kichala kwa kichala. Ni gala ambalo watu hawawezi kulimaliza usiku mumoja.

Nne, mushahara wa mwalimu aliye Mumbuti usitolewe wote pamoja mbele ya watu, kisha tukamulaumu kwamba umekwisha. Wengine wanaomba wenyewe kwamba sehemu ibaki mikononi mwa mutu mwingine wanayemwamini. Si utoto. Ni akili ya mutu anayewajua ndugu zake na hataki kuwakosea.

Katika Maandiko tunasoma habari ya Yosefu aliyejaza magala ya Misri kwa miaka saba ya njaa, na tunasoma pia habari ya mana iliyooza kwa wale walioiweka hata asubuhi. Hakuna aliyesema kwamba moja inafuta nyingine. Kule Misri ilikuwa nafaka, na nchi ilikuwa na gala. Katika jangwa kilikuwa chakula cha siku, na watu walikuwa safarini. Mbele ya kuwauliza Wambuti kwa nini hawaweki, tuulize kwanza kitu gani wanacho mikononi, kinaweza kukaa siku ngapi, na nani amelala karibu nao bila kula.